Nimeacha safari za mikeka, na nyumbani kwangu ni kama nimefikia tu

Shikamoo dada,

Mimi ni mwanamke wa miaka 58, mkazi wa Ikwiriri, Rufiji. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, alistaafu mwaka 2019. Watoto wetu watatu wote wana miji yao. Hapa mtaani nikilieleza jambo langu naambiwa nimshukuru Mungu, nyumba ninayo, mume ninaye, nataka nini tena? Namshukuru. Lakini jambo lenyewe bado lipo, ndiyo nimeamua kukuandikia wewe.

Biashara ya mikeka nilianza mwaka 1997. Nilianza na mikeka sita ya bibi yangu na jirani zake, nikapanda nayo lori hadi Mbagala. Miaka ile ukienda kusini unavuka Mto Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, na masika mto ukijaa mnalala foleni. Turubai uliyonayo umeifunika mikeka, wewe mwenyewe unanyeshewa. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 ndipo nilipopata miguu. Nikawa naishi kwa kalenda ya maonesho. Februari naingia Unguja, wageni wa tamasha la Sauti za Busara wamejaa Mji Mkongwe. Mwisho wa Juni hadi katikati ya Julai niko Sabasaba. Agosti ni Nane Nane, mwaka huu Ngongo kule Lindi, mwaka mwingine Morogoro. Desemba Arusha. Maonesho ya Jua Kali na Nguvu Kazi ya Afrika Mashariki, yale yanayohama nchi kwa nchi, nimeyafuata nje ya mipaka mara tatu. Ada za watoto zimetoka humo, bati la nyumba limetoka humo.

Kusuka nilifundishwa na bibi nikiwa mdogo, ila tangu niingie kwenye biashara mikono yangu imekuwa ya kufunga robota na kuhesabu hela. Wasukaji wangu ni akina mama kumi na mmoja wa vijiji vya bondeni. Wao wanachana ukindu, yale majani ya mkindu, wanautia rangi, wanasuka ukili, ule utepe mrefu, na kuushona uwe mkeka. Mimi nafika, nachagua, nalipa, nabeba.

Oktoba mwaka jana nilianguka. Nilikuwa narudi Dar kutoka Dodoma, basi la usiku, tukafika stendi ya Mbezi alfajiri. Nateremka na robota la mikeka iliyobaki, goti likakataa. Nilikaa chini kwenye lami, watu wananivuka. Hospitali waliniambia gegedu la goti limelika, nisibebe tena mzigo mzito. Mume wangu alinifuata mwenyewe. Njiani akaniambia, "Mke wangu, imetosha." Nikakubali. Nilikubali kwa moyo wangu, hakunilazimisha.

Tabu imeanza nilipokaa. Naamka saa tisa usiku, saa ya kuwahi basi, nakaa kitandani sina pa kwenda. Mume wangu yeye ana ratiba yake. Saa kumi na mbili na nusu anachemsha chai ya tangawizi kwenye sufuria ndogo, chai ya mtu mmoja. Wiki ya kwanza alisahau kama nipo, akamimina yote kwenye kikombe chake, kisha akanitazama. Tukanyamaza wote wawili. Siku hizi anachemsha ya wawili kwenye sufuria ile ile, haitoshi, kila siku inafurika na kuzima moto.

Nilihamisha chumvi na mikebe ya viungo nikaweka nilivyozoea mimi. Jioni nikamkuta anairudisha, taratibu, bila neno. Kuna binti wa jirani anayemsaidia kufua na kupika tangu astaafu. Akifika asubuhi anamuuliza yeye, "Baba, leo tupike nini?" Na mimi nimekaa pale pale.

Binti yangu wa mwisho ameolewa Morogoro, alijifungua Februari. Nikampigia nikamwambia, sasa nina nafasi, nije nikukande. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mama, mama mkwe yupo. Wewe tumeshazoea kukupigia simu." Hakusema kwa ubaya, dada. Angesema kwa ubaya ningejua la kumjibu. Huyu alilelewa na bibi yake mzaa baba, mimi nikiwa barabarani.

Chumba cha uani kimejaa mikeka 43 na vikapu 19, vimefika dirishani. Mume wangu anakitaka chumba kile kwa ajili ya wajukuu wakija. Mfanyabiashara mmoja wa Dar anataka kuchukua vyote, kwa bei iliyo chini ya niliyonunulia. Halafu kuna binti wa kaka yangu, ana miaka 26, amenisindikiza Sabasaba mara mbili na anaitaka biashara. Namwogopea. Anatazama rangi tu, mshono hautazami. Wasukaji nao wananipigia, "Unakuja lini kuchukua mzigo?" Nawaambia wiki ijayo. Nimekuwa nikiwaambia wiki ijayo tangu Novemba.

Sabasaba inakaribia. Nafikiri niende mara moja ya mwisho, niuze iliyobaki, niage. Nikimgusia mume wangu ananiuliza, "Ukienda utarudi?" Sijui kama ananitania.

Niende au nisiende? Biashara nimpe binti, au nimuuzie yule wa Dar yaishe? Na hapa nyumbani nifanyeje? Juzi nimekaa barazani nikaona tumetandika mkeka wa plastiki, wa dukani. Miaka 27 nauza mikeka ya ukindu na sikuwahi kubakiza mmoja wa kwangu. Na la mwisho, hili naona aibu hata kuliandika: tangu niolewe sijawahi kumwomba mume wangu hela ya kanga. Mwezi wa tano huu sijaweka hisa kwenye kikoba, na akiba inaisha. Nitaanzaje kuomba?

Wanaoniita bado wananiita Mama Mikeka,
Ikwiriri

JIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Goti limenisikitisha, neno la binti yako limenichoma, lakini nilipokwama ni pale uliposema akina mama wanakupigia na wewe unawaambia wiki ijayo. Nianzie hapo, maana naona mengi umeyafunga kwenye fundo hilo.

Nyumbani umesema umeacha. Bondeni hujasema. Wale kumi na mmoja wanajua bado wana mnunuzi, kwa hiyo wanachana ukindu, wananunua rangi, wanasuka, wanaweka. Wewe unajua kuliko mimi mkeka uliokaa ndani masika nzima unapatwa na nini: ukungu kwenye mshono, rangi kuhamia ukili wa pili, panya. Akipita mnunuzi mwingine wanamwambia mzigo huu una mwenyewe. Na bonde hilo ndilo lililoingiliwa na mafuriko ya Aprili 2024. Kuna nyumba humo mkeka mmoja ukiuzwa ndiyo unga wa wiki. Najua hukukusudia kuwaumiza. Nahisi unaogopa kwamba ukishalitamka mbele yao basi ndiyo limekwisha kweli. Lakini mimi nadhani hilo ndilo linalokuamsha saa tisa, zaidi ya mazoea ya basi.

Nenda kwao wiki hii. Kodi bajaji, chukua na binti wa kaka yako, ufike mwenyewe. Jambo kama hili halisemwi kwa simu kwa watu waliokusukia miaka yote hiyo. Kaa nao chini, au kwenye kiti kama goti halikubali, uwaambie ulivyoanguka, alivyosema daktari, na kwamba hutabeba tena. Muulize kila mmoja ana mikeka mingapi ndani. Kama kuna uliyemchukulia mzigo hujamaliza kumlipa, mlipe siku hiyo hiyo. Wengine watalia, na wewe utalia. Hilo nalo ni sehemu ya kuaga, liache litokee.

Mzigo wako usimpe yule wa Dar. Sisemi ni mtu mbaya. Mfanyabiashara hutafuta bei. Lakini yeye ananunua mikeka 43 na vikapu 19, basi. Wale akina mama hawamo kwenye bei yake, wala wateja waliokujua kwa miaka 27 hawamo. Binti wa kaka yako anavitaka vyote viwili, mikeka na njia yake. Mtu wa namna hiyo hapatikani kirahisi siku hizi, wakati mikeka ya plastiki imejaa kila kona.

Unasema hatazami mshono. Sasa mdogo wangu, ni nani aliyemwonyesha? Sabasaba alikuja kukusaidia kuuza, na kwenye kuuza mteja huanza na rangi, kwa hiyo yeye naye alijifunza rangi. Mwingize kwenye chumba cha uani. Mtolee mikeka kumi, mizuri na mibovu umeichanganya, umwambie aitenge. Wewe nyamaza mpaka amalize. Kisha ugeuze mmoja mmoja juu chini, umwonyeshe mgongo wa mkeka, maana ubaya hujificha huko. Ashike ukili mbili zilizoungana avute kwa vidole gumba, aone kama mshono unafunguka. Akunje mkeka katikati, pembe juu ya pembe, aone kama umekwenda upande. Asugue rangi kwa kitambaa kibichi. Anuse. Wewe mambo haya unayafanya bila kujua kwamba unayafanya, ndiyo maana hukuwahi kumwambia. Siku tatu za kazi hiyo zitakuonyesha kama ana jicho au hana, na ukiona hana kabisa, basi utanyamaza na kutafuta mwingine. Lakini usimhukumu kabla hajafunzwa.

Akiiva, mpe mzigo kwa mali kauli, na yaandikeni. Undugu usiwafanye muone haya kushika kalamu. Daftari moja, mikeka mingapi, ya ukubwa gani, ulinunua kwa shilingi ngapi. Akiuza, anarudisha kwanza hela yako ya kununulia, halafu faida mnagawana kama mlivyoandika, mpaka mwisho wa Nane Nane. Baada ya hapo ananunua mwenyewe kwa mtaji wake. Na bado ningetaka akupe kiasi fulani kwa kila mkeka anaomuuzia mteja uliyemkabidhi wewe, kwa mwaka mmoja au miwili, mkubaliane sasa. Usione haya kukitaka. Majina ya wateja ni mali kama mikeka yenyewe, umeyachuma kwa kulala stendi.

Kuna mambo madogo yatakayomsumbua usipomwambia. Laini yako ya simu imesajiliwa kwa kidole chako na kitambulisho chako cha taifa, usimpe. Keti naye jioni moja, mteja mmoja baada ya mwingine, mtume ujumbe kutoka kwako: kuanzia sasa mikeka mtaipata kwa binti yangu huyu, namba yake hii. Akifika siku ya kuvuka mpaka, aulizie pale pale cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kile cha mizigo ya thamani isiyozidi dola 2,000 ndani ya nchi za Jumuiya. Gesti zipi ni salama kwa mwanamke aliye peke yake, mwandikie kwa jina. Hili la gesti lisisahaulike.

Kisha ukishamkabidhi, umwache. Akikosea bei, amekosea. Usimpigie kila jioni kumuuliza ameuza mingapi. Mwambie akupigie yeye Jumapili, siku nyingine huulizi.

Sabasaba nenda. Najua wapo watakaoniona nakupoteza, lakini mtu hazungukii sehemu moja miaka yote hiyo kisha akapotea kama moshi. Wenzako wa mabanda ya jirani watakuulizia mpaka mwakani. Maonesho kwa kawaida huanza tarehe 28 Juni yakaisha 13 Julai. Usikae zote. Nenda siku nne, tano, ukizunguka ile tarehe saba yenyewe ambapo watu hujaa. Mzigo upelekwe na binti, wewe ushike mkoba wa nguo tu. Ndani ya banda uwekewe kiti. Mteja wako akifika, umsalimie, umwambie, "Huyu ndiye mwenye banda sasa," halafu unyamaze aongee naye. Itakuuma. Mikono itakuwasha kutaka kufungua mkeka na kuukung'uta mbele ya mteja. Uache binti aukung'ute.

Na mume wako umchukue.

Nieleze kwa nini. "Ukienda utarudi?" Mimi siamini anakutania. Huyu ni mtu aliyepigiwa simu alfajiri akaambiwa mkewe ameanguka stendi. Kabla ya hapo amekungoja miaka mingi, kila safari na tarehe yake ya kurudi, na nyingine ulirudi kwa kuchelewa. Sabasaba inaanza ndani ya likizo ya Juni lakini inaendelea shule zikiwa zimefunguliwa, na Nane Nane ndiyo kabisa. Mwalimu wa darasani hakuwa na nafasi ya kukuona ukiwa kazini kwako. Katika barua yako yote sijaona mahali alipofika kwenye banda lako. Kama amewahi, nisamehe. Kama hajawahi, mpeleke walau siku mbili. Viwanja viko Barabara hiyo hiyo ya Kilwa mnayoingilia mjini, si safari ya kumchosha. Awaone watu wanavyokuita Mama Mikeka. Kisha mrudi wote kwa basi moja, na swali lake litakuwa limejibiwa.

Sasa nyumbani. Hapa nitakusimulia kidogo habari ya kwetu.

Baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi, Mafia na Dar, Dar na Kilwa. Macho yalipoanza kufifia akakabidhi chombo kwa mtoto wa ndugu yake. Miezi ya mwanzo alikuwa anaamka kabla ya adhana, anashuka pwani, anatazama upepo, anarudi. Anatwambia, "Leo kuna matlai nzuri," na hakuna anayesafiri. Akaanza kuingia jikoni kwa mama na kuuliza kwa nini kuni zimewekwa huku na si kule. Mama alikuwa mtu wa maneno machache. Siku moja aliweka mbuzi ya kukunia nazi karibu na mlango wa jiko, upande wenye upepo, akamwekea nazi mbili na bakuli. Baba akakaa akakuna. Alikuna nazi za nyumba ile kila siku mpaka alipofariki, na hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia. Hatukuwahi kulizungumza. Mimi niliyaelewa nilipokuwa mtu mzima: mama hakumpa kazi ili kumpumbaza, alimpa kazi ambayo bila yeye chakula hakiivi.

Kwenu mambo yamegeuka, mwanamume ndiye mwenye jiko na mwanamke ndiye aliyerudi kutoka safari. Lakini wewe ulipoingia ulianza kwa kuhamisha chumvi. Mdogo wangu, hivi ndivyo ulivyokuwa ukifanya kwenye soko geni? Siku ya kwanza Arusha ulitandika mikeka pale pale uliposimama, au ulizunguka kwanza ukauliza hapa hukaa nani, hapa jua linapiga saa ngapi? Nyumba hiyo kwa miaka mingi imeendeshwa na mtu mmoja, na akaweza. Mikebe ile amejipangia ili aikute gizani umeme ukikatika. Muulize kwa nini iko pale. Ukishajua, mwambie na wewe unataka rafu moja ya kwako. Hatakunyima.

Binti wa jirani usimfukuze, wala usimnunie, hana kosa. Zungumza na mume wako, mkubaliane siku fulani za wiki chakula ni chako, kuanzia sokoni mpaka mezani, na yeye mwenyewe ndiye amwambie binti. Likitoka kwake halitakuwa ugomvi wa wanawake wawili wa jiko moja.

Ile sufuria imenikaa moyoni. Wewe umeisoma kama ushahidi kwamba huna nafasi. Mimi nikisoma nawaza: mzee wa watu kila asubuhi anaongeza maji ya kikombe cha pili, anajua kabisa yatafurika, yanafurika, anawasha moto upya, na kesho anaongeza tena. Hajafikiria sufuria kubwa kwa sababu hajawahi kuihitaji. Mnunulie. Au nendeni dukani pamoja achague yeye.

Na kuna jambo nimelingojea katika barua yako sikuliona. Mume wako alistaafu mwaka 2019. Mwalimu aliyeamka kwenda shule karibu miaka arobaini akaamka siku moja hana kengele. Wewe ulikuwa maonesho gani mwezi ule? Mwaka wake wa kwanza aliupitisha vipi? Ratiba unayoiona leo, chai saa kumi na mbili na nusu, mikebe kwa mpango wake, huenda ndiyo dawa aliyojitengenezea akiwa peke yake. Katika Ikwiriri nzima, mtu anayejua hasa unachopitia ni yule unayelala naye kitanda kimoja. Usiku ukiamka saa tisa usikae kimya gizani. Muamshe siku moja, umuulize, "Ulipoacha shule, ulifanyaje?" Kisha umsikilize mpaka amalize, hata kama ni mpaka adhana.

La hela. Sioni hapo pa kuomba. Miaka 27 hela yako imeezeka nyumba na kulipa ada, na hukumwita yeye ombaomba. Sasa yake ya pensheni ikinunua unga na sukari, ni zamu tu imegeuka. Kaeni na karatasi: pensheni inaingia kiasi gani, mikeka iliyobaki itarudisha kiasi gani, matumizi ni yapi. Ila hela ya mikeka iingie kwako, na kikoba rudi, hata kwa hisa moja. Mwanamke aliyezoea kuwa na hela yake asiachwe mkono mtupu, anapungua mwenyewe machoni pake. Mwambie mumeo hivyo hivyo.

Goti, fuata mazoezi waliyokuonyesha hospitali, na usilione goti kama adui.

Nimemwacha binti yako wa Morogoro mwisho kwa sababu huyo hatatengenezwa na Sabasaba wala daftari. Amekwambia kweli, na wewe umejua ni kweli. Usimpigie kumweleza kwamba ulikuwa ukitafuta ada yake. Analijua hilo, na bado alikukosa. Yote mawili yapo. Anza kwa lile alilolizoea: simu. Lakini mpigie siku isiyo na habari, umuulize mtoto amelala vipi, ukate. Kesho kutwa tena. Mama mkwe wake ukimpata kwenye simu mshukuru kwa kumkanda mtoto wako, na shukrani hiyo isiwe na kijembe ndani. Nane Nane ikipita muulize ni siku gani ingemfaa uende, ukae siku chache, bila robota, ufanye utakaloambiwa.

Mtoto aliyezaliwa Februari, Agosti atakuwa anajifunza kukaa. Atahitaji mkeka mdogo wa kukalia uani. Huo usiutoe kwenye ile mikeka 43. Mmoja wa hiyo, ulio bora kuliko yote, uvute kabla hujaanza kuhesabu na binti wa kaka yako, utandike barazani kwenu, na ule wa plastiki ukaanikieni mpunga. Wa mjukuu usuke mwenyewe. Bibi yako alikufundisha, na vidole havisahau kiasi hicho. Ukili wa kwanza utakwenda upande, utafumua, wa pili utanyooka. Saa tisa ya usiku unayo, taa unayo. Ukindu mwombe mmoja wa wale akina mama, siku utakayokwenda kuwaambia.